Afande akisimamisha boti: dhana potofu na ukweli kuhusu ukaguzi katika bahari ya Malindi

Kaskazi iliyopita nilikuwa nikirudi Malindi kutoka nje ya mwamba na wageni wawili. Kwenye kasha la barafu tulikuwa na nguru watatu, na sulisuli mmoja tulikuwa tumemtia alama tukamwachia aende zake. Boti ya doria ikatujia ubavuni, na mmoja wa waliokuwamo akainua mkono tupunguze mwendo. Mgeni wangu mmoja, Mmarekani, akainuka kitini. “Usisimame,” akaniambia, “hawana waranti.” Hapohapo baharia wangu, kijana mwema sana, akaniinamia sikioni: “Nahodha, tuwape nguru mmoja yaishe.”

Wote wawili walikuwa wamekosea, na makosa yao ndiyo ninayoyasikia gatini kila siku. Wako wanaodhani chombo ni ngome isiyoguswa na mtu. Wako wanaodhani afande akishatia mguu chomboni, huna lako tena. Sheria haiko kwa hao wala kwa hawa, na nimeona watu wakipoteza samaki, pesa na hata siku nzima kituoni kwa kutojua mpaka uko wapi.

“Bila waranti hapandi mtu”

Dhana hii haikutoka hewani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe yeye, nyumba yake wala mali yake, na vitu vyake visichukuliwe. Lakini Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kama hiyo iwekewe mipaka na sheria, mradi mipaka hiyo iwe ya kadiri na yenye sababu. Baharini mipaka imewekwa. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya 2016 inawapa maafisa walioidhinishwa uwezo wa kusimamisha chombo, kukipanda, na kukagua leseni, zana na samaki. Sheria ya Huduma ya Walinzi wa Pwani ya 2018 nayo inawapa walinzi hao uwezo wa kusimamisha na kukagua vyombo. Kwa ukaguzi wa namna hii hakuna anayekwenda kwanza kwa hakimu.

Sababu yake anaijua mtu yeyote wa bahari. Barabarani polisi huweka kizuizi, na gari lina nambari inayoonekana toka mbali. Baharini kizuizi utakiweka wapi? Samaki mchanga aliyevuliwa akiingia kwenye kasha, hakuna ajuaye mpaka kifuniko kifunuliwe. Ukisubiri waranti, chombo kimeshafika Ngomeni na samaki wameshaliwa.

Yule mgeni wangu alikuwa akinukuu kwao, na hata kwao mambo si kama alivyosema. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mashua iliyokuwa imetia nanga kwenye mlango wa maji huko Louisiana, kwamba maafisa wa forodha waliweza kuipanda kukagua hati zake bila kuwa na shaka yoyote juu yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya California ilikubali kwamba afisa wa wanyamapori anaweza kumsimamisha mtu aliyetoka kuvua na kumtaka aonyeshe alichovua, hata kama hana sababu ya kuamini kwamba amevunja sheria. Kesi ile ilianzia gatini San Diego, kwa mtu aliyekuwa akivua usiku kwa mshipi wa mkono, na ndani ya mfuko mweusi garini mwake akakutwa na kamba mawe nje ya msimu. Ni kweli Florida ilipitisha sheria mwaka 2025 inayowakataza maafisa wa jimbo kusimamisha chombo kwa ajili ya ukaguzi wa usalama peke yake, bila sababu ya kuamini kwamba kuna kosa. Lakini hiyo ni Florida, na haiwafungi walinzi wa pwani wa serikali kuu ya huko, sembuse afande wa Malindi.

Kwa hiyo ukipewa ishara, punguza mwendo. Kukimbia au kumzuia afisa ni kosa la peke yake, na linaweza kukufikisha mahakamani hata kama samaki wako wote walikuwa halali. Kuna wanaotupa kamba wadogo baharini wakiona boti ya doria. Wanadhani wamejiokoa, kumbe wameonekana kwa darubini toka mbali na wamejiongezea mashaka.

“Akishapanda, anaweza kupekua chochote”

Hii ndiyo dhana inayotuumiza zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Uwezo wa kukagua una kazi yake. Afisa wa uvuvi amekuja kwa leseni, nyavu, ndoana na samaki. Anayekagua usalama wa chombo amekuja kwa cheti, maboya, kizima moto na idadi ya abiria. Kasha la barafu ni mahali pa samaki, kwa hiyo kulifungua kumo ndani ya kazi ya afisa wa uvuvi, na usione umevunjiwa heshima. Vivyo hivyo ngama na kisanduku cha zana. Lakini mkoba wa mgeni wenye nguo za kubadilisha na dawa zake za presha, huo una uhusiano gani na nguru? Simu yako je? Kifungu cha 31 kinataja mawasiliano ya mtu kwa jina, na leseni ya uvuvi haikai ndani ya ujumbe wako na mkeo.

Kupekua mtu mwilini, au kupekua chombo kwa kutafuta uhalifu, kunahitaji sababu. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu polisi kusimamisha na kupekua chombo pale penye sababu ya kushuku kwamba kuna kitu cha wizi au kilichopatikana isivyo halali, au kwamba chombo kinatumika kutenda kosa. Neno kubwa hapo ni sababu. Una haki ya kuuliza kwa adabu: “Afande, tunakaguliwa kwa ajili ya nini?” Swali hilo si ubishi. Mimi huliuliza kila mara, nimeshika usukani, mikono yote miwili inaonekana, na kwa sauti ileile ninayomwamkia nayo.

Na wanaobeba akina mama wasikilize hapa. Kifungu cha 27 cha sheria hiyohiyo kinasema mwanamke akihitaji kupekuliwa, atapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima yake kikamilifu. Boti ya doria ikiwa haina afisa wa kike, jambo hilo lisubiri nchi kavu. Nahodha anayo haki ya kulisema hilo, na abiria wake wanamtegemea aliseme.

Kisha kuna kuchukua vitu. Miaka michache iliyopita nilichukuliwa ufukweni kasha zima la samaki pamoja na mishipi miwili ya kukodi. Niliomba karatasi. Nikaambiwa, “Utaikuta ofisini.” Ofisini nilipofika siku ya pili, hakuna aliyejua habari ya kasha lolote. Nakumbuka kamba ya katani niliyokuwa nimefungia kile kifuniko, kwa sababu bawaba moja ilikuwa imekatika, na nakumbuka kwamba nililipia mishipi ile kwa wiki tatu. Siku hizo sikujua kwamba Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 57, inamtaka polisi anayetumia uwezo huo bila waranti ajitambulishe kwanza waziwazi, aandike alichofanya, na aandike vitu alivyochukua. Sasa najua, na orodha naiomba kabla kasha halijahamia chombo cha pili. Jina, cheo, tarehe, samaki wangapi wa aina gani. Asiyetaka kuandika, andika wewe mbele yake na abiria wako washuhudie.

Nyumbani ni habari nyingine kabisa. Kuna rafiki yangu aliyefuatwa toka gatini hadi mlangoni kwake ili friza lake likaguliwe. Uwezo wa kukagua chombo hauingii nawe sebuleni. Kupekua nyumba kwa kawaida kunataka waranti ya mahakama, iliyotolewa baada ya kiapo, na itekelezwe kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo. Polisi wana ruhusa ya kuingia bila waranti katika hali maalumu za dharura, lakini jodari aliyeganda kwenye friza hakimbii kwenda popote.

“Mimi navua kwa kujifurahisha tu”

Samaki hajui kama umemvua kwa kuuza au kwa raha, na sheria nayo inautambua uvuvi wa michezo na kuutaka uwe na leseni. Zana zilizokatazwa hazihalalishwi na mapumziko ya Jumapili. Juya, yaani wavu wa kukokota, na bunduki ya mkuki zilipigwa marufuku mwaka 2001, na bado nawaona wageni wakishuka nayo hiyo bunduki kwenye begi wakidhani ni kifaa cha kuchezea. Ikikutwa chomboni mwako, nahodha, utakayeulizwa wa kwanza ni wewe.

Halafu kuna hifadhi. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika, na ndani yake havuliwi samaki kwa chombo chochote, hata kwa ndoana moja ya mtoto. Kome na matumbawe hayaokotwi. Nje yake kuna eneo la akiba ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Asiyejua mstari unapita wapi aulize ofisi ya KWS, Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, pale Casuarina kabla ya kushusha mshipi, maana askari wa wanyamapori wana haki ya kukuuliza uko hapo kwa kazi gani. Kasa na nguva hawaguswi popote, ndani au nje.

“Ukivuka maili kumi na mbili hakuna wa kukuuliza”

Wanaokwenda mbali kutafuta nduwaro husema hivi. Maili 12 ni mwisho wa bahari ya mamlaka kamili ya nchi, lakini ukanda wa uchumi unafika maili 200, na humo Kenya ndiyo yenye haki ya kusimamia samaki. Zaidi ya hapo, chombo kilichosajiliwa Kenya hubeba sheria ya Kenya popote kiendapo.

“Wote ni askari tu”

Mzee mmoja wa Mayungu huwaita wote “watu wa serikali”, na namwelewa. Lakini ukijua aliyekusimamisha ni nani, unajua pia anachoweza kutaka. KWS ni hifadhi na wanyama wanaolindwa. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, ni usalama wa chombo na leseni yake. Huduma ya Uvuvi ni samaki na zana. Walinzi wa Pwani, waliozinduliwa Liwatoni, Mombasa, Novemba 2018, wana kazi pana zaidi: usalama, magendo, uchafuzi, uokoaji na ulinzi wa samaki. BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ni sisi wenyewe, wavuvi wa bandari yetu. Wanaandika mavuno, wanasimamia taratibu tulizokubaliana, wanakwenda doria pamoja na maafisa. Mwenyekiti wa BMU akikuuliza umevua nini, mjibu, kwa sababu hesabu ile ndiyo inayotusaidia wote. Lakini yeye si polisi, na hakuna sheria inayomruhusu kukutia mikono mfukoni.

“Toa kitu kidogo yaishe”

Hayaishi. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, na hongo si pesa peke yake. Nguru mzima aliyekabidhiwa chini kwa chini ni hongo. Umeingia ukaguzini ukiwa huna kosa, umetoka ukiwa nalo. Na nahodha anayetoa samaki leo amemwekea bei nahodha atakayefuata kesho, pengine mzee mwenye hori asiye na samaki wa ziada wa kutoa. Jambo hili linaniuma.

Kama kweli kuna kosa, lipelekwe linakopelekwa. Faini hulipwa kwa njia rasmi na risiti hutolewa. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, uweze kuwasiliana na wakili, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeangukia wakati mahakama zimefungwa. Malindi ina mahakama, tena hadi Mahakama Kuu. Huna haja ya kumalizana na mtu katikati ya mawimbi.

Wanaosema kushtaki afande ni kupiga mbizi nchi kavu, niwaambie milango ipo. Malalamiko juu ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ambayo ina ofisi Mombasa. Ya rushwa huenda EACC, tume ya maadili na kupambana na rushwa. Ya afisa wa umma aliyekutendea isivyo haki huenda Tume ya Haki ya Utawala. Ile orodha ya vitu vilivyochukuliwa, ikiwa na jina na saa, ndiyo wanayoiulizia kwanza.

Siku ile na yule Mmarekani, nilizima injini. Niliwaamkia, nikauliza ukaguzi ni wa nini, nikatoa leseni zangu kutoka kwenye mfuko wa plastiki ninaouning'iniza chini ya usukani zisilowe. Afisa akafungua kasha, akawatazama nguru, akahesabu maboya. Boya moja mkanda wake ulikuwa umechanika, akalivuta mbele ya macho yangu, uzi ukaachia. Akaniambia nilibadilishe kabla sijatoka tena na watu. Mikoba ya wageni haikuguswa. Boya jipya nililinunua jioni ileile.