Ushirikiano wa wazazi katika matumizi ya simu kwa watoto: maana yake

Ushirikiano wa wazazi katika matumizi ya teknolojia ni makubaliano kati ya watu wazima ambao watoto wao hucheza au kusoma pamoja, kuhusu umri wa kumpa mtoto simu yake mwenyewe, saa za kuitumia na mambo yanayofaa kutazamwa, ili mtoto akute kanuni ileile kwa baba na kwa mama, kwao na kwa jirani. Kukataza tu si ushirikiano, na kumpekua mtoto simu usiku akiwa amelala si ushirikiano pia, kwa kuwa hayo mawili mzazi anaweza kuyafanya peke yake.

Hapa Lubumbashi maana hiyo haihitaji kutafutwa mbali. Wengi wetu tunaishi familia tatu au nne katika lupango moja, yaani kiwanja kimoja cha makazi, tukichangia ua, bomba na waya wa umeme. Umeme ukikatika mchana kutwa na kurudi jioni, simu za lupango nzima huchomekwa kwa yule mwenye soketi nzima, na watoto huzizunguka. Jioni moja nilimwona mtoto wa miaka tisa akiinamisha simu ya mama yake mbele ya taa, akatafuta juu ya kioo alama ya mafuta iliyoachwa na kidole baada ya bukari (ugali), akaifuata kwa kidole chake, na simu ikafunguka. Mama alikuwa amemkataza asiiguse, lakini baba ndiye aliyeweka mega (bando la intaneti) asubuhi ile, tena akiwa amemwahidi mtoto video. Sikuona kosa la mtoto hapo. Niliona nyumba yenye sheria mbili.

Sheria ya nyumba moja nayo hubomolewa na nyumba ya pili. Mtoto anayetaka simu hasemi kwamba anaihitaji, bali husema wenzake wote wanayo, na mzazi, akihofia mwanawe asibaki nje ya mazungumzo ya darasa, hununua. Akishanunua, amewapa watoto wengine kumi sababu ya kusema maneno yaleyale kwao. Mduara huo hauvunjwi na ukali wa mtu mmoja. Mwaka 2023, katika mji wa Greystones nchini Ayalandi, wazazi wa shule nane za msingi walikubaliana kwa hiari kutowapa watoto simujanja hadi waingie sekondari. Hakuna sheria ya nchi iliyowalazimisha. Nguvu ya mapatano yao ilikuwa kwamba mtoto asiye na simu hakuwa peke yake.

Kwetu mahali pa kuanzia papo, napo ni kamati ya wazazi ya shule, yaani COPA, ingawa mikutano yake mara nyingi huishia kwenye michango na paa linalovuja. Wazazi hawalazimiki kubuni kila kitu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Facebook na TikTok zenyewe zinadai mtumiaji awe na angalau miaka 13, sharti ambalo mtoto wa darasa la tano hulikwepa kwa kuandika mwaka wa kuzaliwa wa uongo, pengine dada yake mkubwa akimsaidia kuhesabu.

Makubaliano ya kweli huwafunga wakubwa pia. Ikiwa simu haziji mezani, basi ya baba nayo haiji, hata kama anasubiri ujumbe wa kazini. Vilevile jirani hupewa ruhusa ya wazi ya kusema "zima hiyo" kwa mtoto asiye wake bila mama mtu kukasirika. Ruhusa hiyo wazee wetu walikuwa nayo bila kuiomba, nasi inatubidi kuitamka.

Penye ugumu zaidi ni kwa yaya, yaani kaka au dada mkubwa wa mtoto, yule wa miaka 19 mwenye simu yake na mega zake. Yeye si mzazi, wala haalikwi kwenye mkutano wa COPA, lakini ndiye anayebaki na wadogo wakati mama yuko sokoni. Lupango inayopatana bila kumwita yaya kwenye kiti imepatana nusu tu.