Mbona tukitembea wawili miguu inaenda pamoja?

Jana jioni nashuka Kampala Road na rafiki yangu, yeye kavaa kandambili zinapiga pa, pa, pa, mara nikasikia viatu vyangu pia vinapiga palepale. Hakuna aliyepanga. Nikakumbuka maswali ambayo watu huniuliza.

Hii ni kawaida?
Kawaida kabisa, sio ugonjwa na sio mapenzi (ingawa wanaoshikana mikono, kama wapenzi, inawashika zaidi, subiri).

Sasa mwili unajuaje?
Unasikia kishindo cha mwenzio, unamuona kwa pembe ya jicho, na mkishikana mikono unausikia mwendo wake unapita mkononi, ndio maana waliopimwa wakiwa wameshikana walilingana zaidi. Wengi wetu tunapiga kama hatua 100 mpaka 120 kwa dakika, kwa hiyo tofauti ni ndogo, mmoja anachelewesha kidogo mwingine anawahisha bila kujua. Mwenye miguu mirefu sana na mfupi wake wanalingana kidogo halafu wanaachana tena, wanalingana, wanaachana.

Mtoto wangu wa miaka mitatu hafuati kabisa.
Atafuata vipi mama, na kimguu kile? Wewe hatua moja yeye mbili anakimbia. Punguza mwendo, na tafadhali usimvute ghafla kwa mkono ukiwahi taxi, kiwiko cha mtoto mdogo kinateguka haraka.

Tunaenda Namugongo kwa miguu, kundi zima. Kuna shida?
Kwa tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda inayofanyika huko Namugongo, watu wanatembea siku nyingi, na wimbo unasaidia kweli, miguu inaufuata tu. Shida ni kwamba mwendo wa vijana unamburuta na mzee wa nyuma, naye anaona aibu kusema. Mwongeleshe. Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, mwendo umemzidi, basi mweke yeye mbele nyinyi mfuate wake, sio kumwambia "jikaze mzee".

Baba ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, na akitembea miguu inaganda, haiinuki.
Hapo mdundo ni msaada mkubwa, wataalamu wa mazoezi ya viungo wanautumia: muziki, makofi, au kuhesabu kwa sauti. Waone wakufundishe. Akiganda usimsukume wala kumvuta, ataanguka. Simama naye, mhesabie taratibu moja, mbili, moja, mbili, halafu muanze mguu uleule.