Mche wa mbegu si kloni

Mti mkongwe wenye historia ukianguka, haupiti muda utasikia kwamba "kloni" yake imepandwa palepale. Kuna wakati ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, kilichopandwa ni mche ulioota kwa mbegu, na huo hauwi kloni kwa sababu tu tunaupenda mti uliouzaa.

Kloni ni mmea uliotokana na kipande cha mmea mwingine, bila uchavushaji, na kwa hiyo una vinasaba vilevile. Wengi tulilisikia neno hili kwa habari za kondoo Dolly aliyezaliwa Scotland mwaka 1996, tukaamini ni mambo ya maabara. Kumbe lilianzia kwenye mimea: Herbert Webber, mtaalamu wa kilimo wa Marekani, alilipendekeza mwaka 1903, akilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kitawi. Muhogo wa pingili ni kloni. Mgomba wa chipukizi ni kloni. Anayebebesha miembe, yaani anayeunga kitawi cha mwembe mmoja kwenye mche wa mwingine, anazalisha kloni msimu baada ya msimu.

Sasa tuje kwenye mwaloni, mti ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu, kutokana na mialoni ya Mamre katika Biblia. Katika jimbo la Maryland, Marekani, kulikuwa na mwaloni mweupe ulioitwa Wye Oak, wenye mzingo wa shina unaokaribia mita 10 na umri uliokadiriwa kupita miaka 450. Jimbo liliununua mwaka 1939 ili kuulinda. Tarehe 6 Juni 2002 dhoruba ikauangusha. Miaka mingi kabla ya hapo watu walikuwa wakipanda miche iliyoota kwa mbegu zake, na wapo wanaosema wana Wye Oak nyumbani. Walicho nacho ni mtoto wake. Chavua ya mwaloni hubebwa na upepo, kwa hiyo nusu ya vinasaba vya kila mbegu inaweza kutoka kwa mwaloni wowote wa jirani. Mtoto huyo anaweza kuwa na umbo lake mwenyewe, majani yake, na udhaifu ambao mama hakuwa nao.

Kloni za Wye Oak zipo pia, ila hazikupatikana kirahisi. Tawi la mwaloni mkongwe halitoi mizizi ukilichomeka ardhini kama pingili ya muhogo, inabidi libebeshwe. Unachukua kikonyo, yaani kitawi cha mti mkongwe, chembamba kama penseli, unakichonga ncha iwe kabari, unapasua shina la mche mchanga wa mwaloni mwingine, unakichomeka ganda likutane na ganda, kisha unafunga kwa utepe wa nailoni hadi vishikane. Na hata hapo, mti wa kale ni ule ulio juu ya kiungo tu. Mizizi ni ya mwaloni mwingine kabisa.

Huko Boscobel, Uingereza, wageni huonyeshwa mwaloni unaohusishwa na ule alimojificha Mfalme Charles II mwaka 1651, baada ya kushindwa vitani Worcester. Mwaloni ule uliisha zamani. Wageni walikuwa wakiukata vipande vya kubeba kama kumbukumbu. Uliopo leo unaaminika kuwa mzao wake, na ni mti wa kuheshimiwa, lakini haukumficha mtu.

Kwetu swali hili liko Ujiji, kwenye miembe ya kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871. Husimuliwa kwamba miembe hiyo ilibebeshwa kutoka kwenye mwembe wa awali. Ikiwa ilibebeshwa, kuiita kloni ni sahihi. Ingekuwa imeota kwa mbegu, jibu lingetegemea aina ya embe, kwa sababu zipo aina ambazo kokwa moja hutoa machipukizi kadhaa, na mengi kati ya hayo hufanana kabisa na mama kwa vinasaba. Kwa mwaloni hakuna bahati hiyo. Kwa hiyo ukionyeshwa mwaloni ukaambiwa ni kloni, uliza kwa upole tu: ulibebeshwa, au uliota kwa mbegu?