Ugonjwa unaojua kalenda: mwanga wa asubuhi kama tiba ya sonona ya majira

Mwezi wa Januari mama mmoja kutoka Bombo aliketi mbele yangu hapa Kampala akiwa na simu mkononi, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe alikuwa mbali. Binti yake anasoma Edmonton, magharibi mwa Kanada, na huo ulikuwa msimu wake wa tatu wa baridi huko. Kila mwaka tangu ahamie, kuanzia Novemba, binti huyo hulala kwa muda wa saa kumi na moja na bado huamka amechoka, hutamani mkate na wali bila kushiba, na huacha kupokea simu za nyumbani. Ikifika Aprili huwa tena yule wanayemjua. Ndugu walikwisha kukubaliana kwamba amerogwa. Mama hakuwa na hakika, akaniuliza, "Daktari, ugonjwa gani huo unaojua kalenda?"

Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu ugonjwa wa namna hiyo upo. Daktari Norman Rosenthal, aliyezaliwa Afrika Kusini, aliona nguvu zake zikipungua katika majira ya baridi baada ya kuhamia Marekani, na mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya sonona inayorudi kila majira ya baridi na kuondoka siku zinaporefuka. Tofauti na sonona tuliyoizoea wodini, ambamo mgonjwa hukosa usingizi na chakula humshinda, hii mara nyingi huleta usingizi mwingi, hamu ya vyakula vya wanga na kuongezeka uzito. Hatuitambui kwa msimu mmoja tu. Tunataka kuona mtindo huo ukijirudia angalau miaka miwili mfululizo.

Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta, unaokatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, ni vigumu kuihisi maana ya jambo hili. Hapa jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi mwaka mzima, na mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili, iwe Juni iwe Desemba. Edmonton mwezi wa Desemba hupata mwanga kwa muda usiofika saa nane, hivyo mwanafunzi anaweza kutoka nyumbani gizani na kurudi gizani.

Kwa nini giza limguse mtu moyoni? Ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mbali na chembe zinazotuwezesha kuona, zimo nyingine chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Taarifa hiyo hufika kwenye saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo, nayo huamuru homoni ya usiku, melatonini, ipungue. Mwaka 1980 mtafiti Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba melatonini ya binadamu huzimwa na mwanga mkali, ilhali katika jaribio lao mwanga wa kawaida wa chumbani haukutosha. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba katika majira ya baridi saa hiyo huchelewa, mwili ukabaki usiku wakati kazi na masomo vimeanza. Lakini sitaki kudai kwamba hayo yanamweleza kila mgonjwa.

Tiba yenyewe ni taa maalumu yenye mwanga mweupe wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga unaofika mahali), iliyochujwa miali ya urujuanimno ili isidhuru macho wala ngozi. Mgonjwa huketi mbele yake kwa dakika 30 hivi, mapema baada ya kuamka. Laksi hizo hupimwa pale macho yalipo, kwa hiyo umbali ulioandikwa na mtengenezaji lazima ufuatwe, maana mtu akisogea nyuma kidogo tu, dozi inaanguka sana. Haangalii taa moja kwa moja. Anasoma au anakunywa chai, macho yakiwa wazi. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki moja au mbili, na wakiacha mapema hali hurudi, ndiyo maana huendelea mpaka majira yabadilike. Maumivu ya kichwa, macho kuchoka na kichefuchefu hutokea, na kwa kawaida hupungua.

Hatari ninayoisisitiza kwa sauti ni nyingine. Mwenye ugonjwa wa baipola anaweza kusukumwa na mwanga huo kutoka sononani hadi kwenye msisimko uliopita kiasi, halali usingizi, anatumia pesa ovyo, maneno hayakomi. Mtu wa namna hiyo, na mwenye ugonjwa wa retina, asianze bila daktari wake. Vilevile taa si mbadala wa msaada wa haraka kwa anayefikiria kujiua.

Je, tuagize taa hizo Uganda? Mtu anayeishi hapa, akisononeka, sitamwambia kwamba ni majira, na ningesikitika sana kuona familia ikitumia akiba yake kwa taa badala ya matibabu. Hata hivyo mwanga haumhusu mgonjwa wa majira peke yake: utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 122 wa sonona isiyo ya majira, ulionyesha kwamba baada ya wiki nane taa ya asubuhi iliwasaidia, na taa pamoja na fluoksetini, dawa ya sonona, ilisaidia zaidi. Nawafikiria askari wa ulinzi, wauguzi wa zamu za usiku na wanaoshinda ndani ya vyumba visivyo na dirisha. Chumba cha kawaida hakifiki laksi 500, lakini nje, saa mbili asubuhi, anga ikiwa safi, tunapita laksi 10,000 bila kulipa shilingi. Kwa mgonjwa wangu wa sonona, kuketi barazani au kutembea nje asubuhi, bila kulikodolea jua macho, ni nyongeza ninayoiandika kwenye faili pamoja na dawa na mazungumzo.

Binti wa Bombo alikwenda kwa daktari wa chuo chake, akapimwa, akaanzishiwa taa. Mwishoni mwa Februari mama alinijulisha kwamba simu zinapokelewa tena, na kwamba binti ndiye anayepiga kwanza. Nilimwomba amwambie asiifungie taa hiyo sandukuni mbali sana, maana Septemba inapoisha, kabla uchovu haujaanza, ndipo inapopaswa kurudi mezani.