Je, wajua kwa nini hoteli za Las Vegas zina wafanyakazi kutoka nchi 178?

Umoja wa Mataifa una nchi wanachama 193. Mji mmoja wa jangwani huko Marekani unakaribia idadi hiyo kwa watu wanaotandika vitanda, kuosha vyombo na kubeba mizigo ya wageni. Chama cha wafanyakazi wa hoteli za Las Vegas, Culinary Union, kina wanachama wapatao 60,000, na chenyewe husema wametoka nchi 178 na wanazungumza lugha zaidi ya 40. Ndani ya jengo moja unaweza kukuta shuka zimetandikwa na mama wa El Salvador, sufuria zimesuguliwa na Mwethiopia, na kinywaji kimechanganywa na Mfilipino.

Ilikuwaje? Wengi hujibu haraka kwamba ni mji wa watalii, na watalii hutoka kila pembe ya dunia, basi wenye hoteli wametafuta watu wa kila pembe ili kuwapokea. Ukiifuatilia historia ya mji huo utaona mambo hayakwenda hivyo hata kidogo. Ulikuwapo wakati hoteli hizohizo zilimkataa Mweusi asilale, asile wala asikae mezani, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akiimba jukwaani usiku huo.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu nusu ya jibu imo humo.

Mhudumu wa vyumba anabisha hodi, anasubiri, anabisha tena, anafungua. Toroli anaiacha mlangoni. Anavua foronya na shuka, anazikunja furushi moja na kulitupa kwenye mfuko wa dobi. Shuka safi anaitandaza kwa mrusho mmoja, kisha anaanza kuzunguka kitanda. Anainua pembe ya godoro kwa mkono mmoja, anachomeka shuka kwa mkono mwingine, anahamia pembe ya pili. Godoro la kitanda kikubwa ni zito, na pembe ni nne. Baada ya hapo kuna choo, bafu, vioo, vumbi, taulo, sabuni, takataka. Kisha mlango unaofuata, na chumba kama hicho tena, kumi na kadhaa kwa zamu moja. Mabega na kiuno ndivyo vinavyoumia.

Katika yote hayo, hakuna mahali alipolazimika kuongea sana. Kazi hii hufundishwa kwa macho: mwenzako anakuonyesha mara mbili, ya tatu unafanya mwenyewe. Haidai cheti wala barua ya mwajiri wa zamani. Halafu hoteli hailali, ina zamu za alfajiri na za usiku wa manane, na Las Vegas ina vyumba vipatavyo 150,000, kwa hiyo mikono inatakiwa kila siku ya Mungu. Ndiyo maana karibu kila mahali duniani hoteli huwa mlango wa kwanza wa mtu aliyefika jana. Daktari aliyekimbia vita huwekwa mahali pamoja na mkulima asiyejua kusoma, kwa sababu mji mpya haujatambua bado vyeti vya mmoja wala ujuzi wa mwingine.

Wasemaji wa Kiswahili wanaujua mlango huo vizuri. Tangu katikati ya miaka ya 2010 kumekuwa na miaka kadhaa ambapo Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walipitia kambi kama Nyarugusu ya Kigoma au Kyangwali ya Uganda, wakiongea Kiswahili chao cha Kivu. Kabla Marekani haijasitisha mpango wa kuwapokea mwanzoni mwa 2025, mkimbizi aliyefika kule alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi tangu mwanzo, na msaada wa kumpokea ulipangwa kwa siku 90 za kwanza. Tena nauli ya ndege iliyomleta ilikuwa mkopo. Haukuwa na riba, lakini ulikuwa deni, na malipo yalianza miezi sita baada ya kufika. Mtu wa namna hiyo hakuwa na nafasi ya kuchagua kazi, alichukua iliyomchukua. Katika miji mingi ya Marekani, kazi hiyo ilikuwa kiwanda cha nyama au hoteli.

Hiyo inaeleza kwa nini watu wanaingia. Haielezi kwa nini wanabaki, wala kwa nini mji huu ulifika nchi 178.

Turudi miaka ya 1940. Familia za Weusi zilikuwa zikihama kutoka miji midogo ya kusini, hasa Fordyce ya Arkansas na Tallulah ya Louisiana, zikiukimbia umaskini na ubaguzi. Wengi walivutwa na kiwanda cha magnesiamu kilichojengwa karibu na Las Vegas wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wanaume waliingia kiwandani. Wanawake, na baadaye wanaume pia, waliishia hotelini: kufua, kufagia, kutandika. Kazi za mbele, yaani mapokezi, baa, meza za kamari na ukumbi wa chakula, hawakupewa. Weusi wenyewe waliuita mji huo Mississippi ya Magharibi, wakiulinganisha na jimbo lililosifika kwa ukatili wa ubaguzi. Mwanamuziki kama Sammy Davis Jr. aliweza kujaza ukumbi wa hoteli jioni, kisha akaenda kulala ng'ambo ya reli, mtaa wa Westside, kwenye nyumba za kupanga za Weusi wenzake.

Mei 1955 ilifunguliwa hoteli ya Moulin Rouge, ya kwanza mjini humo kuwapokea watu wa rangi zote, wageni na wafanyakazi pia. Ilifungwa kabla mwaka haujaisha. Lakini mwezi Machi 1960, katika jengo hilohilo, ndipo yalipofanyika makubaliano makubwa. James McMillan, daktari wa meno aliyeongoza tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alikuwa ametangaza maandamano kwenye barabara ya hoteli kubwa. Wenye hoteli waliogopa biashara kuharibika, wakakubali kufungua milango kwa wageni Weusi.

Milango ya wageni, nasisitiza. Ya ajira ilichukua muda mrefu zaidi. Ilibidi serikali kuu ipeleke hoteli na vyama vya wafanyakazi mahakamani, na mwaka 1971 wakaandikishana kwamba Weusi waajiriwe na wapandishwe vyeo katika kazi walizokuwa wamefungiwa. Kwangu hapa ndipo somo lilipo, kwa sababu mpaka leo hoteli nyingi duniani hujisifu kuwa na watu wa kila aina, na ukihesabu ni kweli wapo. Ila tazama wamesimama wapi. Kama wote wa kabila moja au jinsia moja wako dobini na jikoni, na wa kabila jingine wote wako mapokezi, hesabu hiyo haisemi lolote la maana. Hata kwetu pwani mgawanyo huo upo, ila umekaa vingine: mtu aliyezoea Diani au Nungwi anajua kwamba mara nyingi ni vijana wa kiume wanaotandika vitanda na kukunja taulo umbo la bata maji, kazi ambayo Marekani imeachiwa wanawake.

Sasa nimtaje Hattie Canty, maana bila watu kama yeye hadithi hii ingeishia dobini. Alizaliwa Alabama mwaka 1933, akahamia Las Vegas miaka ya mwanzo ya 1960. Mumewe alifariki 1975, akabaki na watoto. Alikuwa amezaa kumi. Alifanya usafi, akawa mhudumu wa vyumba katika hoteli iliyoitwa Maxim, na kwenye chama akawa mtu wa mikutano na migomo. Mwaka 1990 wanachama walimchagua kuwa rais wa Culinary Union, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mwaka uliofuata, Septemba 1991, wafanyakazi wapatao 550 wa hoteli ya Frontier waligoma. Walikuwamo Weusi, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), Wazungu, watu wa Asia. Walisimama nje ya hoteli mchana na usiku, jua la jangwani na baridi yake, kwa miaka sita, miezi minne na siku kumi. Ndani ya muda huo wapo waliofariki na wapo waliojaliwa watoto. Chama husimulia mpaka leo kwamba hakuna hata mmoja wao aliyevunja mgomo akarudi kazini. Februari 1998, hoteli ikiwa imepata mmiliki mpya, waliingia tena kwa mlango wa mbele na mkataba mkononi.

Mgomo ukiwa bado unaendelea, mwaka 1993, Canty na wenzake walisaidia kuanzisha chuo cha mafunzo ambacho chama na hoteli hukiendesha kwa pamoja. Ukilitazama swali letu la mwanzo, chuo hicho kina uzito kuliko jengo lolote lenye taa mjini humo. Mtu anayesugua vyombo anaweza kwenda kujifunza upishi au kuhudumia mezani, ambako bakshishi ni nono, na asiyejua Kiingereza akajifunza cha kazini. Ongeza matibabu ya familia na mfuko wa kumsaidia mwanachama kununua nyumba ya kwanza, na unaelewa kwa nini aliyefika kama mpita njia huita ndugu, jirani na rafiki wa kambini. Wasalvador waliokimbia vita vya miaka ya 1980 waliwaita wenzao, Wafilipino wakaita wao, Waethiopia vivyo hivyo. Nchi zilijumlika hivyo, simu kwa simu, hakuna ofisi iliyokaa ikapanga.

Na uongozi nao ulibadilika sura. Geoconda Argüello-Kline aliondoka Nicaragua, akafika Marekani mwaka 1979, akatandika vitanda Las Vegas. Alikuja kuwa rais wa chama, kisha katibu na mweka hazina wake, cheo chenye nguvu kuliko vyote pale, hadi 2022.

Katika mikataba ya mwaka 2018, mojawapo ya mambo ambayo chama chake kilidai na kupata ni kitufe cha dharura kwa wahudumu wa vyumba. Yule mama aliyeiacha toroli mlangoni huwa peke yake chumbani, na si kila mgeni ana nia njema. Sasa anakivaa kitufe hicho kazini. Akikibonyeza, walinzi wanajua papo hapo yuko chumba gani.