Je, wajua kwa nini jumba la ghorofa 60 halikujengwa Uhuru Park?

Simama kando ya Uhuru Highway saa saba mchana, siku ya kazi. Upande mmoja ni majumba ya katikati ya Nairobi, upande wa pili ni nyasi za Uhuru Park. Kijana kajilaza chali chini ya mti, gazeti usoni, viatu kavifanya mto. Hatua chache kutoka kwake mama anawamegea wanawe mkate, na mpiga picha anazunguka akitafuta wateja. Bustani hii ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, ukubwa wake kama hekta 13, na kwa mtu anayelala chumba kimoja na familia nzima hapa ni mojawapo ya mahali pachache mjini pa kunyoosha miguu bila kuulizwa na mtu.

Mwaka 1989 ilibaki kidogo sehemu yake igeuzwe msingi wa jengo refu kuliko yote Afrika.

Jengo lenyewe lilipangwa kuwa la ghorofa 60. Lililokuwa refu zaidi barani wakati huo, Carlton Centre la Johannesburg, lilikuwa na ghorofa 50. Ndani yangekaa makao makuu ya KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, pamoja na gazeti la chama, Kenya Times, lililoendeshwa kwa ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Palipangwa pia ofisi, maduka, ukumbi, maegesho ya magari 2,000 na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200 hivi. La ajabu ni kwamba KICC, jumba la mikutano la mviringo la Nairobi tunalolijua sote, nalo lilianza kwa wazo la makao makuu ya KANU. Chama kilikuwa kimekwisha kujengewa mnara, na sasa kilitaka wa pili, tena juu ya nyasi za wananchi.

Basi nani aliuzuia? Mahakama haikuuzuia, wala Bunge. Ulizuiwa na barua.

Mwanafunzi mmoja wa sheria alipenyeza habari hizo kwa Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, harakati ya wanawake wapanda miti iliyoanza mwaka 1977. Profesa akakaa kitako akaandika. Aliiandikia Kenya Times, ofisi ya Rais, halmashauri ya jiji, wizara zilizohusika, na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNEP (mazingira) na UNESCO (elimu na utamaduni). Kisha akamwandikia balozi wa Uingereza, kwa kuwa Maxwell alikuwa raia wao, akimuuliza kama Waingereza wangekubali jumba kama hilo lisimamishwe katikati ya bustani yao ya Hyde Park, London.

Majibu aliyopata ni matusi. Novemba 1989 wabunge waliacha shughuli nyingine wakamshambulia, wakaiita harakati yake genge la wanawake walioachika. Serikali haikutetereka: tarehe 15 mwezi huohuo ujenzi ukazinduliwa na eneo likazungushiwa uzio. Profesa akakimbilia Mahakama Kuu kuomba zuio. Desemba ombi likatupwa, kwamba hana haki ya kisheria ya kushtaki. Yaani, kwa kuwa bustani si shamba lake, jengo halimdhuru yeye binafsi. Siku moja baadaye, sikukuu ya Jamhuri, Rais Moi akasema hadharani kwamba wanaopinga mradi wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Harakati ikapewa saa 24 kuhama ofisi ya serikali iliyokuwa ikitumia, ikahamishia mafaili na wafanyakazi wake nyumbani kwa Profesa.

Ukitazama hapo utadhani ameshindwa. Ila jengo lilikuwa na udhaifu mmoja ambao barua zake ziliugusa barabara: pesa. Sehemu kubwa ya zile dola milioni 200 ilikuwa ikopwe nje, na nchi tayari ilikuwa na madeni na ikitegemea misaada ya wafadhili haohao. Kila tusi alilotukanwa liligeuka habari katika magazeti ya nje, na kila habari iliwafanya wakopeshaji wajiulize: nchi inayoomba misaada inakopa ijengee chama mnara? Wafadhili walipoanza kuuliza maswali hayo waziwazi, mradi ukaishiwa pumzi. Mapema mwaka 1990 ikatangazwa kwamba jengo litapunguzwa, kisha likaacha kutajwa kabisa. Mwaka 1991 Maxwell alifariki. Mwaka 1992 uzio ukang'olewa bila hotuba wala tangazo, watu wakarudi kwenye nyasi zao.

Mimi huwa naikumbuka zaidi ile hukumu kuliko uzio. Hoja ya kwamba bustani ya wote haina mwenye haki ya kuitetea ingeweza kuua bustani zote nchini, si hii tu. Haikudumu. Kifungu cha 70 cha Katiba ya sasa ya Kenya kinampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kudhurika. Katiba hiyo ilitiwa saini mbele ya umati tarehe 27 Agosti 2010, palepale Uhuru Park.