Kikombe cha unga kina gramu ngapi?

Majuzi mteja wangu mmoja alikuja na kipande cha keki aliyoipika mwenyewe, kikavu, kizito kama tofali. "Mama, nimefuata kila kitu," akasema. Vikombe vitatu vya unga, mayai matatu, siagi gramu 250. Nikamwambia alete hicho kikombe. Kumbe ni kile kikubwa cha kunywea chai. Tukakijaza maji, tukayapima maji hayo: gramu 320. Kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kikombe chake ni cha mililita 320. Maelekezo aliyafuata ya Marekani, ambako kikombe ni mililita 237 hivi. Alihitaji unga wa gramu kama 375, akatia zaidi ya 500, na mayai yakabaki matatu yale yale.

Wanaopima kila kitu kwa kikombe kimoja huponea hapo, maana uwiano haubadiliki. Mayai na siagi ya pakiti ndivyo vinavyowaumbua.

Watu wa Kisumu tunalijua jambo hili tangu zamani, ila tukifika jikoni tunalisahau. Ukienda soko la Kibuye, gorogoro moja hupima mahindi, maharagwe na omena (dagaa). Mkebe huo ulitengenezewa kilo mbili za mafuta ya kupikia, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, unachukua lita mbili na kitu. Jaza omena wakavu uone kama utapata kilo mbili! (Na kabla hujalipa, angalia kitako cha mkebe. Kuna waliokibonyeza kwa ndani.)

Sukari haina matata. Chembe zake hazishindiliki, kwa hiyo kikombe cha mililita 250 hutoa gramu 210 hivi leo na kesho. Mafuta ya maji, gramu 230. Asali ni nzito, inakaribia 350.

Unga ndio mkorofi, kwa sababu ndani yake mna hewa. Ukiuchekecha, ukauteka kwa kijiko na kusawazisha juu kwa kisu, kikombe hicho hicho kitakupa gramu 130 au 140. Ukichota moja kwa moja kutoka kwenye pakiti na kugongagonga kikombe mezani, unafika 160. Kwa vikombe vinne tofauti hiyo inaweza kupita gramu 80, na chapati zako zinakuwa ngumu huku unamlaumu aliyesaga ngano.

Huna mizani? Nunua pakiti ya unga ya kilo mbili, uihamishe yote kwenye sufuria kwa kikombe chako, ukichota vile unavyochota siku zote, na uhesabu. Gawanya 2,000 kwa idadi uliyopata. Vikombe 14 maana yake gramu 143 kwa kila kimoja. Vikombe 12 na nusu, gramu 160. Andika jibu kwa kalamu ya wino mzito kwenye kitako cha kikombe, na usikiazime mtu. Pakiti ya sukari nayo ifanyie vivyo hivyo.

Beking pauda na chumvi mimi napima kwa kijiko, ingawa mizani iko pale pale. Mizani nyingi za jikoni huruka gramu moja moja, na kijiko kidogo cha beking pauda ni gramu nne au tano tu. Hapo kijiko cha mililita 5, kilichosawazishwa, kinaishinda mizani.